Mkono Mfukoni

Nilikuwa na madaftari mawili.
La kwanza la serikali, jalada jekundu;
kila asubuhi niliandika humo: Mheshimiwa yu buheri wa afya.
La pili nililificha ndani ya pipa la unga
chini ya ngazi, Mtaa wa Watengeneza Ngozi,
na nikilifungua leo bado linatoa vumbi jeupe
kama mtu anayekohoa.

Otia Kereselidze. Miaka sitini na mitatu.
Shingo: sentimita arobaini na mbili.
Moyo: hudunda kama farasi aliyeng'oka kiatu kimoja.
Usingizi: saa mbili, viatu miguuni.
Mkono wa kulia: unatetemeka.

Ulianza mwezi wa kwanza wa mabomu,
tulipokuwa tukiyeyusha theluji ili tupate maji ya chai.
Alikuwa akitia sahihi; kalamu ikaandika jina la mtu mwingine.
Akanitazama kama mtoto aliyevunja kikombe.
"Nestan, na hii pia ni vita?"
Nikamwambia: utie mfukoni.

Akautia.
Akapanda jukwaani mbele ya kanisa lililopasuka kuba,
mkono mmoja juu, mmoja mfukoni,
na nchi nzima ikasema: mtazameni, hana hofu,
amesimama kama anayengoja mkate utoke tanuuni.
Theluji ilipoyeyuka, vijana wote wa kikosi cha mlimani
walikuwa wamepigwa picha hivyo.
Wengine hawakuacha picha nyingine.
Mwanangu Gocha anayo moja. Anacheka.

Na kile kimya chake redioni,
ambacho wahariri walikiita uzito wa hekima,
kilikuwa pumzi tu.
Nilikaa nyuma ya pazia na saa yangu:
sekunde tisa, sekunde kumi na moja,
maji yakimpanda mapafuni ngazi kwa ngazi,
na huko vijijini watu wakisogeza viti karibu,
wakiambiana: nyamaza, anafikiri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini mimi niliyaficha ya mwenzangu,
na kifo kikaumbua wengine.

Usiku wa daraja, homa ilikuwa thelathini na tisa na nusu.
Majenerali walisimama sebuleni
wakidondosha matope juu ya zulia la marehemu Pelagia.
Mmoja alitaka tuvuke mto, turudi nyuma, kabla barafu haijakatika.
Mmoja alitaka tubaki.
"Mwamshe, daktari."
Nikamchoma sindano. Ampuli mbili, si moja.
Akafumbua macho, mekundu kama punje za komamanga,
akaomba kokwa za mjozi. Akamwita mkewe.
Kisha akasema neno moja: "Shikilieni."

Sijui nani alilisema.
Yeye, au homa, au dawa yangu.
Daraja lilishikiliwa siku nne na mji haukuanguka.
Ninanunua mkate kila siku katika mji ambao haukuanguka.
Watu mia nne na saba.
Gocha alikuwa upande wa kushoto, karibu na nguzo ya taa.

Sikumwambia Otia. Alijua.
Alikuja jikoni kwangu bila walinzi, akaketi juu ya pipa lile la unga,
akatoa kokwa mfukoni, mfuko ule ule,
akaivunja kwa vidole visivyotulia, muda mrefu,
akanipa nusu kubwa.
Sikuila. Sikuitupa.

Alikufa wiki tatu kabla ya amani.
Kisha akaja mchongaji, kijana mwenye chokaa kwenye nyusi,
na kamba yake ya kupimia.
Akauliza kimo. Akauliza mabega. Akauliza shingo.
Siku nilipomfunga kola ya kuzikiwa
shingo ilikuwa thelathini na sita;
vidole vyangu vinne vilipita kati ya kitambaa na ngozi.
Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa ukurasa huo.
"Arobaini na mbili," nikamwambia,
nikalifunika kwa kiganja, na unga ukaniganda.